Kula kwa ile hoteli kubwa ya Nairobi bila kutoka jasho: mambo ya chakula cha Mediterania

Wacha nianze na samaki kwa sababu huyo ndiye alinifunza. Menyu ilikuwa imeandika 850 kando ya samaki mzima wa kuchomwa na ndimu, nikajiambia aah hii si mbaya, tilapia na ugali huko mjini saa zingine inakaribia hapo. Sikuona yale maandishi madogo chini, "kwa kila gramu 100". Samaki akaja, mkubwa, gramu 1,200, weita akamtoa miba mbele yetu na vijiko viwili polepole kama daktari wa upasuaji, mamangu akapiga makofi. Bili ilipofika huyo samaki peke yake alikuwa 10,200. Na siku hiyo ndio mamangu alikuwa anafikisha miaka 60, kwa hivyo ilibidi nitabasamu huku nikiangalia limiti ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, chini ya meza.

Hoteli haikuniibia, ilikuwa imeandikwa. Shida ni niliona aibu kuuliza. Kwa hivyo ukisoma hii yote ukasahau, shika tu kwamba pale mezani kuuliza bei hakulipishwi, na hao wahudumu wanaulizwa kila siku na watu wenye pesa kukuliko.

Sasa, kwanza tuelewane hoteli gani. Sisi Wakenya hoteli ni popote pana chapo na ndengu, lakini hapa naongelea zile zenye mlinzi anakufungulia mlango, za Westlands, Upper Hill, Gigiri, Karen, ama zile za zamani za mjini kama Stanley inayohesabu miaka tangu 1902 na Norfolk iliyofunguliwa 1904. Kubwa nyingi zina mikahawa kadhaa ndani, kwa hivyo usiseme tu "nakuja kula", uliza jina la mkahawa wenyewe, maana unaweza jipata umekaa kwa bafe ya watalii na ulitaka meza ya mishumaa.

Piga simu mapema, siku mbili tatu, na kama ni Valentine ama Krismasi piga wiki kadhaa mbele kwa sababu siku hizo mara nyingi wanaweka menyu moja ya bei moja na wanataka ulipe kabla. Ukipiga uliza: watu wanavaa nini, kuna bei maalum ya chamcha (nyingi zinayo, chakula kutoka jiko lile lile kwa pesa kidogo kuliko usiku, na mimi naona mtu wa mara ya kwanza aende mchana tu), watoto wanakubaliwa, na kama kuna sherehe waambie, keki ndogo ama maandishi ya chokoleti kwa sahani saa zingine inakuja bure. Kama kuna kitu hamli waambie hapo hapo kwa simu, nitarudia hiyo.

Nguo usijisumbue sana, suti si lazima. Suruali ndefu, shati lenye kola, viatu vilivyofungwa, dada gauni lolote la kuendea harusi. Kinachokataliwa ni slipas, kaptura, jezi ya mpira. Na viatu vya visigino virefu sana angalia, hizo sakafu ni marumaru na zimepigwa polishi.

Kwa geti usikasirike, gari linakaguliwa buti na kioo kinapitishwa chini, wewe mwenyewe unapita kwa mashine na kibeti kinaskaniwa, ni kila mtu. Boda mara nyingi inaachwa nje kwa barabara na unatembea hicho kipande, kwa hivyo kama mnaenda na mzazi ama kuna mvua chukua teksi. Kama umeendesha, ile tiketi ya maegesho beba uende nayo mezani, zingine zinagongwa muhuri usilipe.

Mkikaa, kitambaa kinaenda mapajani, si kifuani. Visu na uma zikiwa nyingi anza na za nje ukija ndani, na ukikosea hakuna anayekupigia firimbi, weita analeta nyingine. Halafu swali la kwanza kabisa litakuwa la maji, kama unataka ya kawaida ama ya gesi, na hapa ndio pesa huanza kutoka kimya kimya kwa sababu yote mawili ni chupa na chupa ina bei, na akiona imepungua anafungua nyingine bila kuuliza. Sema moja inatosha. Mkate na mafuta ya zeituni mara nyingi ni ya nyumba, hailipwi, na kuna wakati wanaleta kakitu kadogo ka kuonja ambako hamkuagiza, hako pia ni zawadi ya mpishi. Lakini kama huna uhakika, uliza.

Haya, menyu yenyewe. Mediterania ni ile bahari kati ya Ulaya, Afrika na Asia, kwa hivyo ukiona Uhispania, Italia, Ugiriki, Uturuki, Lebanoni na Moroko kwa karatasi moja usishangae. Majina yanatisha kuliko chakula. Hummus ni dengu imesagwa na ufuta, ndimu na kitunguu saumu, na dengu hapa ni ile ya unga wa bajia, si zile ndengu za kijani za chapo. Baba ganoush ni biringanya zimechomwa mpaka ngozi ikaungua zikapondwa. Fattoush ni kachumbari iliyotupiwa vipande vya mkate mkavu. Gazpacho ni supu ya nyanya ya Wahispania na inanywewa baridi, usiirudishe ipashwe moto. Burrata ni jibini laini nyeupe kutoka kusini mwa Italia, ukiikata krimu inamwagika, na hiyo ndio raha yake. Carpaccio ni nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, ilianzia Harry's Bar huko Venice, na ndiyo, mbichi, hawajasahau kuwasha jiko. Pweza wa kuchoma mtu wa Mombasa hahitaji kufunzwa.

Kama mko watu watatu wanne, mimi naona raha yote iko kwa hizi sahani ndogo za kuanzia. Agizeni tano sita, wekeni katikati, kila mtu amege na mkate, halafu chakula kikubwa kimoja ama viwili vya kugawana. Mtashiba na mtaonja vingi, na bili itakuwa ya kibinadamu.

Wali ndio ulileta maneno kwetu. Mamangu ametoka Mwea, amelima pishori tangu akiwa msichana, sasa nikamwagizia risotto ya uyoga. Ikaja kwa sahani pana, imelegea kama uji mzito, punje katikati bado zina ugumu kidogo. Akaonja, akaweka uma chini taratibu, akaninong'onezea, "Huyu mpishi ametoa sufuria mapema." Weita akasikia, kijana mzuri kweli, akasema, "Mama, Waitaliano huipika hivyo, ikisimama kwa kijiko wanasema imeharibika." Mamangu akamwambia, "Sawa mwanangu, lakini haijaiva." Hiyo ni risotto, ndivyo ilivyo, kama wewe ni mtu wa wali wa kuchambuka agiza paella ya Wahispania, ina zafarani na vitu vya baharini ama kuku, na pale chini kwa sufuria kunaachwa kugandane kidogo. Ukoko! Wao wanauita socarrat na wanaugombania vile sisi tuligombania tukiwa wadogo. Paella yenyewe huchukua nusu saa hivi na saa zingine wanaipika kuanzia watu wawili, kwa hivyo iagize mapema.

Nyama. Atakuuliza unataka ikipikwa kiasi gani, na Mkenya wa nyama choma hapo hujikaza aseme "medium" kwa sababu ameona kwa televisheni, halafu anakata anaona wekundu anaanza kusukuma sahani. Ule wekundu si damu, ni maji ya nyama yenye protini yenye rangi, lakini kama haikupendezi sema iive kabisa, ni pesa zako. Ama fanya ujanja huu, chagua kitu cha kupikwa polepole masaa mengi, kama mguu wa kondoo ama tagine ya Moroko, hiyo huja imeiva mpaka inaachia mfupa na hakuna mtu anakuuliza maswali.

Sasa kwa wasiokula nguruwe ama pombe, msiridhike na jibu la haraka. Prosciutto na pancetta (nyama za kukaushwa kwa chumvi) na chorizo (soseji) mara nyingi ni nguruwe. Waini huingia kwa risotto, kwa sosi, na tiramisu, ile keki ya kahawa ya Waitaliano, mara nyingi ina tone la pombe. Usiulize tu "hii ni halali?", uliza "ndani kuna waini? kuna nguruwe? imekaangwa kwa sufuria gani?" Mwenye aleji ya njugu aangalie pesto (sosi ya kijani ya Waitaliano) na baklava (kitindamlo cha asali ama sukari), na wa simsim aangalie hummus, maana ule ufuta uko humo ingawa hauonekani.

Waini nitapita haraka. Akikumiminia kidogo uonje, si eti anauliza kama umeipenda, anataka ujue kama imeharibika. Ikinuka kama katoni iliyonyeshewa, mwambie. La sivyo tikisa kichwa amimine. Na ya glasi moja haina aibu.

Ukimaliza weka kisu na uma sambamba kwa sahani, weita ataelewa. Ukiziacha zimetengana ataendelea kukungoja na hatatoa sahani.

Bili isome, usiifunike kwa lile jalada la ngozi inakoletwa kama mtihani uliofeli. Angalia VAT ya 16%, angalia ile tozo ya utalii ya 2%, angalia kama kuna sevisi chaji. Menyu huwa imesema kwa herufi ndogo kama bei zimejumlisha hizo ama zitaongezwa, na kwa bili ya elfu ishirini tofauti ya 18% ni 3,600, hiyo ni sahani nzima. Kama sevisi chaji imo, tipu ni hiari kabisa. Kama haimo na umehudumiwa vizuri, kama asilimia kumi hivi ni uungwana, na ukitaka imfikie yeye mwenyewe mpe taslimu mkononi.

Na chakula kikibaki omba ufungiwe. Watu huona haya, eti ni ushamba, lakini umelipa. Sisi tulifungiwa risotto karibu yote, kwa kiboksi kizuri na kamba, ikaingia friji. Asubuhi nikampata mamangu jikoni na leso kiunoni, ameitia kwa sufuria, ameongeza maji, amefunika na sahani na kuweka kikombe juu. Akanipakulia. "Sasa," akasema, "imeiva."