Kabla hamjaanza muziki wa Haydn, pimeni nyuzi za C na E

Mnaopiga kwateti (fidla mbili, viola na selo) sebuleni jioni za wikendi, acheni kutuni nyuzi, yaani kuzilinganisha sauti, kila mtu kivyake. Noti ya A inatolewa, kila mmoja anainamia nyuzi zake, kisha akodi ya kwanza ya C meja, noti zake zikilia pamoja, inachubua masikio na lawama zote anabebeshwa mpiga viola, maskini. Mara nyingi vidole havina kosa. Ukipanda kwa hatua za tano (kila mara hadi noti ya tano ukihesabu na ile uliyoanzia) zilizo safi kabisa kutoka C ya selo, yaani C, G, D, A hadi E ya fidla, hiyo E inakuwa juu kuliko E inayotulia vizuri ikipigwa pamoja na C kwa takriban moja ya tano ya nusu toni. Sikio linalisikia hilo.

Mkishapata A, selo na viola washuke kwenye nyuzi zao za chini wakiziacha G na C juu kwa chembe tu. Halafu wapige C zao pamoja, polepole, na fidla ya kwanza iweke E tupu, bila kubonyeza kidole, juu yake. Bado inagombana? Pandisheni C kidogo tena, au shusheni E. Dakika mbili zinatosha.