Seva tatu kwenye mita moja ya Yaka: kujenga klasta ya Proxmox na Ceph

Jumapili moja usiku, mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya SACCO moja hapa Jinja, Uganda, iliishiwa yuniti. Seva zao tatu, nilizoziunganisha mwenyewe kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama mashine moja, na kujigamba kwamba moja ikifa wanachama hawatajua, zilizimika zote pamoja UPS, betri ya akiba, ilipokata roho. Asubuhi mweka hazina akanipigia: "Fundi, si ulisema ziko tatu?" Kweli zilikuwa tatu, ila umeme ulikuwa mmoja.

Kwa hiyo tuanzie ukutani, kibodi baadaye. Kwa ufupi: Proxmox ni programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, na Ceph hutunza nakala za data zao kwenye diski za seva zote.

Hatua ya 1: Umeme na swichi

Kila seva iwe na UPS yake. Nyuma ya UPS kuwe na jenereta au sola. Bwawa la Nalubaale linazalisha umeme tangu 1954 na naliona karibu kila nikivuka Nile, lakini ujirani huo haujawahi kuniwashia seva. Swichi nazo ziwe mbili, kila moja kwenye UPS tofauti. Seva tatu zilizo hai zikikosa swichi, kila moja itadhani wenzake wamekufa.

Weka pia programu ya NUT, inayosoma hali ya UPS, ili betri ikikaribia kuisha seva zijizime zenyewe kwa utaratibu.

Hatua ya 2: Klasta na akidi

Weka Proxmox VE kwenye seva zote, kisha kwenye ya kwanza andika:

`pvecm create sacco`

Kwenye ya pili na ya tatu, ambazo bado hazina mashine pepe yoyote:

`pvecm add 10.10.1.11 --link0 10.10.1.12`

(.11 ni anwani ya seva ya kwanza, .12 ya pili; ya tatu iishie .13). Ukiandika `pvecm status` utaona `Quorate: Yes`, yaani akidi imetimia. Ni akidi ileile ya mkutano mkuu: wasipofika zaidi ya nusu, hakuna uamuzi. Kati ya seva tatu, moja ikianguka mbili zinaendelea. Zikiwa mbili tu na moja ikaanguka, iliyobaki inagoma, na ina haki ya kugoma, kwa sababu haijui kama mwenzake amekufa au ni kebo iliyochomoka. Zote mbili zikiwasha mashine pepe ileile na kuandika kwenye diski ileile, daftari la SACCO limekwisha. Mwenye fedha ya seva mbili aongeze mpiga kura wa tatu, QDevice, hata juu ya Raspberry Pi. Hapo Ceph aisahau, atumie ZFS, mfumo wa diski wa kila seva, inayonakili kwa mwenzake kila dakika 15, akijua kwamba ajali ikitokea dakika hizo zinaweza kupotea.

Mawasiliano ya klasta, yaani Corosync, yapewe kadi na kebo zake. Gigabiti 1 inatosha kabisa. Inachohitaji ni kutocheleweshwa. Ukiyachanganya na mtandao wa hifadhi, siku Ceph inahamisha data nyingi Corosync itakosa hewa, akidi itapotea, na seva zote zenye HA (kuhamisha mashine pepe zenyewe seva ikianguka) zitajiwasha upya kwa mkupuo.

Hatua ya 3: Hifadhi

Kwenye kila seva:

`pveceph install --repository no-subscription`

Kwenye ya kwanza pekee: `pveceph init --network 10.10.2.0/24`. Halafu kwenye kila moja `pveceph mon create`, `pveceph mgr create`, na kwa kila diski `pveceph osd create /dev/sdb`. Mwisho, mara moja tu:

`pveceph pool create hifadhi --size 3 --min_size 2 --add_storages`

Mtandao huu uwe wa gigabiti 10. Tenga RAM ya GB 4 hivi kwa kila diski. Diski ziunganishwe moja kwa moja, si kupitia kadi ya RAID inayozificha nyuma ya diski moja, na ziwe SSD za seva zinazolinda data umeme ukikatika. SSD za laptopu zitakuaibisha.

Hesabu ya nafasi ndiyo inayowaponza wengi. Seva tatu, kila moja na diski mbili za TB 2, ni TB 12. Kwa nakala tatu unabaki na TB 4, na Ceph huanza kulalamika kwenye asilimia 85. Lakini kuna mtego mwingine. Nakala tatu lazima zikae seva tatu, kwa hiyo diski moja ikifa, mzigo wake wote unahamia kwa diski pacha yake ndani ya seva hiyohiyo. Ikiwa zote zilijaa nusu, pacha huyo anafurika. Kwa mpangilio huu mimi sivuki asilimia 40. Ukiwa na diski nne ndogo kwa kila seva, unapumua zaidi.

Na usishawishike kuweka `size 2`, yaani nakala mbili, ili kupata nafasi. Nilifanya hivyo mara moja. Sirudii.

Hatua ya 4: Washa HA

`ha-manager add vm:101 --state started`

Mwambie mteja ukweli mapema: mashine pepe haitaruka ikiwa hai. Seva ikianguka, wenzake husubiri hadi wawe na hakika kwamba imetengwa, kisha huiwasha mashine pepe hiyo upya kwingine. Hesabu kama dakika mbili, na muda wa kuwaka juu yake.

Hatua ya 5: Chomoa

Jumamosi jioni, ofisi ikiwa imefungwa, chomoa waya wa seva moja. Usitumie kitufe cha kuzima, maana hicho ni kifo cha adabu. Tazama `ha-manager status` na `ceph -s`. Irudishe, subiri `HEALTH_OK`, ndipo uchomoe swichi moja, kisha zima umeme wa jengo zima. Kwa matengenezo uliyoyapanga, andika kwanza `ceph osd set noout` ili Ceph isianze kuhamisha data bure, na ukimaliza usisahau `unset`.

Karani akifuta faili la mikopo, Ceph italifuta mara tatu kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo Proxmox Backup Server, seva ya nakala rudufu, iwe kwenye mashine ya nne, jengo jingine, mita nyingine.