Kuijua Indonesia Kabla ya Safari: Mwongozo kwa Msafiri wa Tanga

Mtu wa Tanga anayejiandaa kwenda Indonesia asianze na picha za hoteli za Bali, bali aanze na bahari, kwa kuwa ndiyo iliyoijenga nchi hiyo yenye visiwa zaidi ya 17,000. Shuka ufukweni asubuhi wavuvi wanaporudi, uitazame ngalawa: gogo lililochongwa, na matengo yake mawili yanayoizuia isipinduke. Wavuvi wa Bali hutumia vyombo vya namna hiyohiyo hadi leo, na wataalamu wengi wanaona kwamba ufundi huo uliletwa pwani yetu na mabaharia wa upande ule, ambao jamaa zao walihamia Madagaska na kuacha lugha inayozungumzwa huko mpaka sasa.

Kisha soma habari za karafuu. Asili ya karafuu zinazolimwa ng'ambo yetu Pemba ni visiwa vya Maluku, hasa Ternate na Tidore. Tamaa ya viungo iliwaleta Wareno, wakafuata Waholanzi, ambao kampuni yao ya biashara iliyoundwa mwaka 1602 iliweka makao Batavia, yaani Jakarta ya leo, na mwaka 1621 ikawaua na kuwahamisha wenyeji wengi wa visiwa vya Banda ili kungumanga ibaki mikononi mwake peke yake. Ukiyajua hayo, hutashangaa kuona tarehe 17 Agosti ikisherehekewa hadi vichochoroni. Ndiyo siku Sukarno na Mohammad Hatta, viongozi wa harakati za kudai uhuru, walipotangaza uhuru mwaka 1945, ingawa Waholanzi walipigana na hawakuukubali hadi Desemba 1949. Ukipita Bandung, mji wa kisiwa cha Java, ingia katika jumba ulikofanyika mkutano wa mwaka 1955 wa nchi za Asia na Afrika zilizopinga ukoloni, ambao kwa maoni yangu unamhusu Mwafrika kuliko ufukwe wowote wa huko.

Kuhusu watu, jiulize kwanza unakwenda kisiwa gani. Wajava ndio wengi, lakini lugha ya taifa imetokana na Kimalai, lugha ya wafanyabiashara wa pwani, ambayo vijana waliikubali mwaka 1928 kuwa lugha ya umoja. Jambo hilo kwa Mswahili halihitaji maelezo marefu. Wananchi walio wengi ni Waislamu, ila Bali ni ya Wahindu, na katikati ya Java lipo hekalu kubwa la Kibudha la Borobudur, lililojengwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi wameishika dini ya Kiislamu barabara, na bado nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa upande wa mama. Ukialikwa kwao, uliza habari hiyo kwa upole, nao watakueleza kwa furaha.

Adabu za huko hazimsumbui aliyelelewa pwani. Mwanamume mzima huitwa Bapak na mwanamke Ibu. Viatu huachwa mlangoni, na kitu hutolewa na kupokelewa kwa mkono wa kulia. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama kidogo. Usimguse mtu kichwani, hata akiwa mtoto, na ukitaka kuonyesha kitu tumia kidole gumba.

Ukinunua batiki, geuza kitambaa. Ile ya mkono huchorwa kwa nta ya moto inayomiminika kutoka kikopo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, kwa hiyo mchoro huonekana sawasawa pande zote mbili, wakati ile iliyochapwa kiwandani mara nyingi hupauka upande wa ndani. Vitenge vyetu navyo vimetokana na juhudi za Waholanzi za kuiga batiki hiyo kwa mashine.

Masharti ya viza yaulizie ubalozi wa Indonesia ulioko Dar es Salaam, kwa sababu hubadilika. Usikubali kumbebea mtu mzigo usiojua kilichomo, kwani biashara ya dawa za kulevya huko huweza kuadhibiwa kwa kifo. Na kama unakwenda Bali mwezi Machi, tazama kwanza sikukuu ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, inaangukia lini kabla ya kukata tiketi: siku hiyo uwanja wa ndege hufungwa saa 24, barabara huwa tupu, na mgeni hatakiwi kutoka nje ya hoteli yake.