Jinsi ya Kuzitumia Istilahi za Fasihi Unaposoma Hadithi na Tamthilia

Mwanafunzi wa Lamu huwa amekwisha kuijua sanaa ya masimulizi muda mrefu kabla ya kufungua kitabu cha kiada, kwa kuwa ameketi barazani usiku, akaitikia "Pakawa!" bibi aliposema "Paukwa!", na akatambua bila ya kufundishwa ni wapi sauti ya bibi ilishuka ili wajukuu wasogee karibu. Istilahi huyapa majina mambo hayo hayo. Kosa ninalolikuta kila mara katika madaftari ni jina kuandikwa na kazi kuishia hapo: "Mwandishi ametumia taharuki." Ameitumia wapi, kwa njia gani, nayo imemfanya msomaji ahisi nini? Jiulize maswali hayo matatu kila unapotaja mbinu yoyote.

Tutumie kisa nilichokitunga kwa ajili ya zoezi hili. Athumani, nahodha wa Lamu, ameliuza kwa siri jahazi lililojengwa Matondoni na marehemu baba yake, ili alipe deni. Mama yake anaambiwa kwamba jahazi liko Mombasa, linangoja upepo wa kusi, yaani ule wa kutoka kusini, ndipo lirudi. Mama anaweka akiba ya mauzo ya mahamri, ananunua kitambaa, na kuanza kushonesha tanga jipya.

Anza na ploti. Mfuatano wa matukio peke yake haujawa ploti. Ploti ni jinsi tukio moja linavyozaa jingine. "Athumani aliuza jahazi, kisha mama akashonesha tanga" ni mfuatano tu, ilhali "mama alishonesha tanga kwa sababu mwanawe alimficha kwamba jahazi limeuzwa" ni ploti, kwani sasa kuna chanzo na matokeo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliitanguliza ploti mbele ya wahusika alipoichambua tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, na ingawa si lazima tukubaliane naye kwa kila kazi, ni vyema uchambuzi uanzie hapo.

Mandhari ni mahali na wakati, na wanafunzi wengi huyapitia kama pambo. Tazama lakini yanavyofanya kazi hapa: uongo wa Athumani umesemwa wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na unaweza kuishi kwa muda wa msimu huo tu. Siku upepo utakapogeuka na majahazi ya watu wengine kuanza kuingia kutoka kusini, hatakuwa tena na udhuru. Kwa hiyo kila sentensi inayotaja upepo inaongeza taharuki, yaani ile hamu na wasiwasi wa kutaka kujua litakalotokea, na mwandishi hahitaji kutuambia kwamba Athumani anaogopa.

Kinaya ndicho kinachowasumbua wanafunzi zaidi, kwa sababu hukichanganya na kejeli. Kinaya ni hali kuwa kinyume na inavyotarajiwa, au mhusika kutenda bila ya kujua jambo ambalo msomaji analijua. Mama anaposhonesha tanga la jahazi ambalo si lao tena, hicho ni kinaya, na uchungu wake unatokana na kujua kwetu, hakuna anayemdhihaki. Jirani akimwambia Athumani mbele za watu, "Nahodha gani huyu, miguu yake haina hata chumvi!" hiyo ni kejeli, kwa maana ni maneno yaliyokusudiwa kumkebehi. Tanga lenyewe, likizidi kurudiwa katika kisa hadi likabeba imani yote ya mama kwa mwanawe, limekuwa ishara.

Usimchanganye msimulizi na mwandishi. Kisa hiki kikisimuliwa na Athumani kwa nafsi ya kwanza, tutamsikia akijitetea, na itatubidi tumtilie shaka. Kikisimuliwa kwa nafsi ya tatu na msimulizi anayejua yote, tutaona pia moyo wa mama. Kuhusu wahusika, mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, alitofautisha mhusika bapa, aliyejengwa juu ya sifa moja, na mhusika duara, anayeweza kutushangaza na bado tukamwamini. Jirani wetu ni bapa, wala si udhaifu: kisa hakimhitaji kwa zaidi ya hapo.

Mama akisema "ndia" badala ya njia, au "mato" badala ya macho, usidhani ni kosa la uchapaji. Hicho ni Kiamu, lahaja ya Lamu, na mwandishi anayemwachia mhusika lahaja yake huku usimulizi ukiwa wa Kiswahili sanifu amefanya uteuzi unaostahili kuelezwa.

Katika tamthilia kwa kawaida hapana msimulizi wa kutufunulia siri, kwa hiyo soma maelekezo ya jukwaani kwa makini sawa na mazungumzo. Athumani anaweza kubaki peke yake jukwaani na kusema yaliyo moyoni, na huo ni uzungumzi nafsia. Au maelekezo yaseme tu kwamba mama anakunjua tanga, naye Athumani anageuka kutazama ukuta. Hadhira itaelewa.

Ukipewa dondoo katika karatasi ya Fasihi, muktadha wake ni kutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo, kabla ya kugusa mbinu yoyote. Kwa zoezi, andika onyesho la siku upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, Athumani na mama yake wakiwa ukumbini, bila ya yeyote kati yao kulitamka neno "jahazi". Kisha mpe mwenzako alisome kwa sauti, naye akuonyeshe mstari ambapo mama alijua.