Mhindi na mhindi: lini uandike kwa herufi kubwa

Miswada inayonifikia mezani ina magonjwa mengi, lakini la herufi kubwa ndilo linalomaliza wino wangu mwekundu. Mtu anaandika "watanzania" na "Wakulima" ndani ya sentensi moja. Ukimuuliza, anakwambia wakulima ni watu wa kuheshimiwa. Sawa, waheshimu, lakini herufi kubwa kazi yake ni kuonyesha kwamba neno hilo ni jina.

Basi jiulize: hapa nataja jina, au nataja aina tu ya mtu au kitu? Mtu mwenye asili ya India ni Mhindi. Mmea unaozaa mahindi ni mhindi. Mara nyingi upatanisho utakuokoa, maana "mhindi umekauka" hawezi kuwa jirani yako wa dukani. Ila usianze sentensi na neno la namna hiyo, kwa kuwa mwanzoni kila neno linapewa herufi kubwa na tofauti inapotea.

Kwa makabila na mataifa, herufi kubwa inakaa mwanzo wa neno zima, kwenye kiambishi: Msukuma, Wasukuma, Kisukuma, Usukumani. Watafiti wa kigeni wa zamani waliandika waNyamwezi na kiSwahili ili shina lionekane, na Afrika Kusini wanaandika isiZulu hadi leo. Hiyo ni kanuni yao. Sisi hatupandishi herufi katikati ya neno.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Niliwahi kupokea mswada uliosimulia vita vya Lugalo vya mwaka 1891, ambapo jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikishinda kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na Zelewski mwenyewe akauawa. Katika ukurasa uleule, "Wajerumani" walikuwa na herufi kubwa na "wahehe" ndogo. Walioshinda vita wakashindwa kwenye tahajia! Mwandishi hakukusudia ubaya, lakini msomaji wa Iringa asingemwelewa hivyo. Ukimwandika Mwingereza kwa kubwa, Mhadzabe naye ni kubwa.

Kanuni hiyohiyo inaenda kwa Mzungu, Mwarabu na Mwafrika, kwa kuwa yanataja kundi la watu. Wapo wahariri wanaoandika "mzungu" kwa herufi ndogo. Mimi huwauliza kwa nini basi Mwarabu wanamwachia kubwa. Herufi ndogo ninaikubali pale neno lilipoacha kutaja asili ya mtu: "mzungu wa unga", yaani mfanyabiashara wa dawa za kulevya, anaweza kuwa amezaliwa Magomeni. Na mswahili wa mtaani, yaani mtu wa maneno mengi na ahadi hewa, ni ndogo pia, hata kama kwa kabila ni Mpare. Vyakula vya Kihindi na mavazi ya Kiarabu yabaki na herufi kubwa. Kizunguzungu ni ugonjwa tu.

Mitaa nayo ina mtego. Uhindini na Uzunguni za Mbeya ni majina ya mahali, masalio ya enzi ambazo mkoloni aliwapangia watu makazi kwa rangi zao. Ziandike kwa kubwa. Lakini ukisema fulani amekulia uswahilini, bila kutaja mtaa wowote, ni ndogo.

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi linahusu watu weusi. Juni 2020, baada ya polisi wa Marekani kumuua George Floyd, Mmarekani Mweusi, shirika la habari la Associated Press liliamua kuandika Black kwa B kubwa linapotaja watu, na mwezi uliofuata likaamua white ibaki ndogo. Mjadala wenyewe una miaka mingi: mwanazuoni Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois alipigania N kubwa ya Negro, neno lililotumika zamani kuwataja watu weusi, na gazeti la New York Times likaikubali mwaka 1930. Sasa mfasiri wetu afanye nini? Kwetu -eusi ni kivumishi cha kila siku, kinamfaa mbuzi na sufuria, kwa hiyo "watu weusi" kwa maana ya jumla naiacha ndogo. Lakini Wamarekani Weusi, kama jamii yenye historia yake, naiandika kwa kubwa zote mbili. Ukichagua vingine sitagomba, ili mradi usibadilishe njiani. Chotara, hata kwa herufi ndogo, tafuta namna nyingine ya kusema.

Majina ya mahali yana wepesi wake. Viunganishi hubaki vidogo: Mto wa Mbu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyehamia Mkoa wa Pwani anaweza kuwa Kisarawe, mbali na maji. Aliyekwenda pwani amekwenda ufukweni. Afrika Kusini ni nchi, kusini mwa Afrika ni upande. Tanzania Bara ni kubwa, bara la Afrika ndogo. Mwalimu Nyerere, lakini mwalimu wa hesabu.

Ukinakili tungo za kale za Lamu au Pate kutoka herufi za Kiarabu, ujue maandishi hayo hayana kubwa wala ndogo. Kila herufi kubwa utakayoweka ni uamuzi wako, useme hivyo kwenye dibaji.

Ukimaliza, tumia kitafutio cha kompyuta kikiwa kimewekwa kutofautisha kubwa na ndogo. Tafuta kila jina la kundi mara nne: kwa m-, wa-, ki- na u-. Makosa mengi hujificha kwenye wingi.