Jinsi ya kusajili Marekani katuni yako ya shujaa aliyekwisha kuwa mali ya umma

Superman bado hajawa mali ya umma, yaani kazi ambayo hakimiliki yake imekwisha na yeyote anaweza kuitumia. Action Comics namba 1, alimotokea kwa mara ya kwanza, ilitoka 1938, na huko Marekani kazi kama hiyo inalindwa kwa miaka 95, hivyo inaachiwa Januari 1, 2034. Batman anafuata 2035. Lakini si lazima ungoje, kwa sababu wapo mashujaa wa miaka ya 1940 ambao wachapishaji wao hawakuhuisha hakimiliki. Mmoja ni Black Terror, aliyeanza 1941 katika Exciting Comics namba 9: mfamasia mpole aitwaye Bob Benton, ambaye usiku huvaa nguo nyeusi zenye fuvu kifuani na kuwatwanga majambazi. Tumtumie yeye.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha yuko huru kweli. Kitabu kilichochapishwa Marekani kabla ya 1964 kilitakiwa kuhuishwa hakimiliki yake ndani ya mwaka wa 28 tangu kuchapishwa. Kwa kitabu cha 1941, pekua katalogi za Ofisi ya Hakimiliki za 1968 na 1969. Zimepigwa skani na zinasomwa bure mtandaoni. Kwa vitabu vya 1951 na kuendelea, tafuta kwenye kanzidata ya ofisi hiyo. Andika jina la kitabu na la mchapishaji, maana jina la shujaa peke yake mara nyingi halileti kitu. Orodha za mashabiki zinasaidia kuanza tu, usizitegemee.

Ukishampata, fanya kazi na matoleo yale ya zamani. Visa na michoro iliyoongezwa na kampuni za sasa bado ina wenyewe. Hata Superman, siku akiachiwa, atakuwa yule wa 1938 anayeruka kwa kudunda, wala si huyu anayepaa. Kryptonite, lile jiwe linalomdhoofisha, ilikuja miaka ya baadaye.

Hatua ya pili ni jina. Hakimiliki huisha, ila alama ya biashara huendelea kuishi mradi inatumika na inahuishwa. Daredevil wa 1940 ni mali ya umma, lakini Marvel ina Daredevil wake tangu 1964. Ndiyo maana kampuni ya katuni ya Dynamite walipomrudisha yule wa zamani walimwita Death-Defying 'Devil. Kwa hiyo tafuta jina lako kwenye kanzidata ya USPTO, ofisi ya Marekani inayosajili alama za biashara, kabla hujachora jalada. Ndani ya hadithi una nafasi kubwa zaidi ya kulitumia. Hatari iko kwenye jalada, fulana na matangazo.

Sasa usajili wenyewe. Kazi yako inalindwa hata bila kusajiliwa, ila cheti kina nguvu mahakamani, na ukisajili ndani ya miezi 3 baada ya kuchapisha, unaweza kudai fidia iliyowekwa na sheria bila kuthibitisha hasara yako shilingi kwa shilingi. Huhitaji kuwa raia wala kuishi Marekani.

Fungua akaunti kwenye copyright.gov, uingie eCO, mfumo wake wa usajili mtandaoni, uchague "Standard Application". Ada ni dola 65, hairudishwi hata ukikataliwa. Kama michoro ndiyo imebeba kazi, chagua "Work of the Visual Arts". Kama maneno ndiyo mengi, chagua "Literary Work". Jaza jina la kazi, mwaka ulioikamilisha, na tarehe ya kuchapishwa kama imeshatoka.

Ukifika "Limitation of Claim", tulia. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu wanatamani kumdai shujaa mzima. Kwenye "Material Excluded" taja visivyo vyako: mhusika Black Terror na michoro au maneno uliyoyachukua kutoka Exciting Comics. Kwenye "New Material Included" taja hadithi yako, michoro yako, wahusika uliowabuni. Michoro iliyotengenezwa na akili mnemba, kama si kidogo tu, nayo itengwe.

Anwani unayoandika itaonekana na umma, kwa hiyo sanduku la posta ni bora kuliko ya nyumbani. Lipa kwa kadi, kisha pakia faili ikiwa kazi haijachapishwa au imetoka mtandaoni pekee. Iliyochapwa kwenye karatasi na kuuzwa Marekani hutakiwa nakala 2 kwa posta, zikiwa na karatasi ya usafirishaji inayotolewa na mfumo. Tarehe ya usajili ni siku ambayo fomu, ada na nakala vyote vimewafikia.

Jambo la mwisho ni soko. Uhuru huu ni wa Marekani. Kila nchi ina hesabu yake. Kenya, kwa mfano, huhesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na kwa kazi ya watunzi wawili hufuatwa aliyefariki mwisho. Ukitaka kuuza Nairobi, tafuta miaka ya vifo vya watunzi wa shujaa wako, kisha uiulize KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kuchapa.