SOMO: Fildi ya dizaini, kuanzia barua ya chuo hadi siku ya kuaga

Wakuu, salamu.

Kuanzia Julai hadi Septemba maduka ya uchapaji pale Kariakoo hujaa vijana wa fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo, kila mmoja na laptopu mgongoni na barua ya chuo ndani ya bahasha ya kaki. Niliwahi kuwa mmoja wao. Siku hizi mimi ndiye ninayewapokea, watatu au wanne kila msimu, na wengi wanazijua programu kuliko nilivyozijua mimi nikiwa na umri wao. Wanachokosa ni kukataa. Wateja nao wamelishtukia hilo. Mtu mwenye shughuli isiyonyooka hamfuati bosi wala dizaina mzoefu. Anasubiri bosi atoke kwenda kuswali au kula, halafu anavuta kiti karibu na kijana mgeni.

Kwa hiyo somo hili ni la maadili ya kazi, halitahusu vitufe. Nimelipanga kwa jinsi fildi yenyewe inavyokwenda, na maswali yenu nimeyajibu mwishoni.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuripoti

Duka la uchapaji, wakala wa matangazo na chumba cha habari ni shule tatu tofauti. Dukani utapata kasi: asubuhi kadi za mchango wa harusi, mchana bango la fleksi la mita tatu, jioni stika za bodaboda. Kwa wakala utakaa wiki nzima na logo moja. Chagua unachokihitaji, kisha uliza mambo haya bila aibu: nani msimamizi wangu, nauli ipo au haipo, na kazi nitakazofanya nitaruhusiwa kuzionyesha baadaye? Wakikujibu kwa mdomo, rudi nyumbani uwaandikie ujumbe mfupi wa kushukuru ukiyataja waliyokubali. Hapo tayari una maandishi, na hakuna aliyeona unamdai mkataba.

Hatua ya 2: Ijue karatasi

A4 ni milimita 210 kwa 297. Kazi ya kuchapwa iachie milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi. Rangi ziwe CMYK, yaani mfumo wa rangi za wino, kwa sababu ile buluu inayowaka kwenye kioo cha simu ikifika kwenye wino hunywea.

Mtasema haya ni ufundi, maadili yako wapi? Yako hapa: mteja amekuletea logo aliyotumiwa WhatsApp, ndogo kama kucha, anataka bango la mita tatu. Wewe unaona kabisa itatoka imevunjikavunjika, yeye haoni. Ukinyamaza ukachapa, umekula hela yake. Mwambie kwanza, achague mwenyewe kama atatafuta faili la asili au atalipia kuichora upya.

Hatua ya 3: Kila kitu kijulikane kimetoka wapi

Katika folda ya kila kazi tengeneza faili dogo la maandishi uliite ASILI. Andika fonti gani umetumia na umeitoa wapi, picha imepigwa na nani, mchoro umeushusha tovuti gani na leseni inasemaje. Ni kazi ya dakika mbili.

Fonti za Google Fonts ni huru hata kwa biashara. Zile unazozishusha kwenye tovuti za bure, fungua faili la maelezo linalokuja nazo, maana nyingi zimeandikwa kwamba ni kwa matumizi binafsi tu, na kadi ya saluni si matumizi binafsi. Freepik, kama hulipii, inataka mchoraji atajwe. Canva inakuruhusu kutumia templeti zake za logo, lakini logo ya namna hiyo mteja hawezi kuimiliki peke yake, na akitaka kuisajili BRELA, kwa msajili wa biashara, kama alama ya biashara atakwama, kwa sababu templeti ileile iko wazi kwa dunia nzima. Mwambie hilo kabla hajalipa.

Halafu kuna lile la "nifanyie kama hii, badilisha jina tu". Utalisikia kila siku. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa, isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au isisajiliwe. Inacholinda ni kazi yenyewe. Wazo liko huru. Aliwahi kuja mfanyabiashara wa fulana za watalii na picha ya mchoro wa mtindo wa tingatinga, wenye chui na ndege, aliyoipiga kwa simu akipita pale Morogoro Stores. Mtindo ule ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na hadi leo umelisha wachoraji wengi. Kuchora chui wako kwa mtindo huo hakuna anayekuzuia. Lakini chui yule wa kwenye simu alikuwa na sahihi ya mtu pembeni, na mwenye sahihi yuko hai, anauza kwa jasho. Tulimwelekeza akazungumze naye. Alikwenda? Sijui, ila kwetu hakuchapa.

Kuhusu programu za kraki, zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipiwa: najua hali ya mifuko yetu na sitahubiri. Ila Inkscape, GIMP, Krita na Scribus ni za bure na halali. Jizoeze hata moja, ili siku ukianza ofisi yako usianze na kitu cha kuficha.

Hatua ya 4: Prufu (nakala ya majaribio) isainiwe

Mwezi wangu wa pili wa fildi nilipewa kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, nakala 500. Nikaipanga vizuri, mteja akaitazama kwenye kioo akiwa amesimama, akasema "safi, piga kazi". Tukapiga. Siku alipokuja kuzichukua alizishika kwa furaha, akakunja moja, akafika mlangoni, akasimama. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya simu zilikuwa zimepishana. Ukiangalia haraka huoni. Nilihisi damu ikinishuka miguuni.

Hakukuwa na prufu, hakukuwa na sahihi, kwa hiyo hakukuwa na wa kusema kosa ni la nani. Bosi alibandika stika ndogo juu ya kila namba, na mimi ndiye niliyebandika, zote 500, hadi saa nne usiku. Siku hizi utaratibu wetu ni huu: prufu inachapwa kwenye karatasi, mteja anakaa kwenye kiti, anasoma majina, tarehe na bei kwa sauti. Namba ya simu haisomwi, inapigwa. Simu ya mteja iite pale mezani. Ndipo anasaini na kuandika tarehe.

Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa likiwa bado kwenye faili linagharimu dakika.

Hatua ya 5: Kukataa

Hii ndiyo iliyonifanya niandike somo zima.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, bosi yuko msikitini. Akaingia kaka mmoja mtanashati, shati limepigwa pasi, akanisalimia kwa heshima zote. Ana flashi. Ndani yake cheti cha kidato cha nne kilichoskaniwa vizuri kabisa. "Mdogo wangu, kuna kakosa kadogo hapa. Mwaka wa kuzaliwa walikosea. Nirekebishie hiyo tarakimu moja tu." Akaweka noti mbili za elfu kumi chini ya kibodi. Sikuwa na hata nauli ya kurudia Mbagala.

Angalieni maneno yake. Kakosa. Kadogo. Tarakimu moja. Kurekebisha. Hakuna mtu atakayekuja kukwambia "nighushie". Kila anayekuja ana msamiati wa namna hiyo: risiti "imefifia", muhuri "umechoka", barua ya ajira "inahitaji kusafishwa", bibi na bwana awekwe juu kidogo "ipendeze". Kwa wageni, bibi na bwana ndiyo nembo ya taifa, na haiwekwi kwenye kazi ya mtu binafsi bila kibali.

Kughushi nyaraka ni kosa la jinai, na aliyeshika mausi hawezi kusema alikuwa mwanafunzi. Siku ile nilijua hilo lakini sikuwa na maneno. Nilijiumauma, nikasema kompyuta inasumbua. Akasema atasubiri! Nikakaa naye robo saa nikijifanya nawasha na kuzima mashine, hadi bosi akarudi na kumwambia sentensi moja: "Kaka, nyaraka za mamlaka hapa hatuzigusi, hiyo ipeleke kwa waliokutolea." Jamaa akachukua noti zake, akaaga vizuri, akaondoka. Hakukuwa na ugomvi wowote.

Iazimeni sentensi hiyo. Haimuiti mtu mwizi, inasema "hatuzigusi" badala ya "siwezi", na inamwonyesha pa kwenda. Ukisema huwezi, ataongeza dau. Ifanyieni mazoezi kwa sauti nyumbani, msicheke. Na bosi akirudi mwambie nani alikuja na alitaka nini.

Hatua ya 6: Cha mteja kibaki cha mteja

Kadi ya harusi ina majina, namba za kamati, ukumbi na saa. Ukiiweka stetasi kabla familia haijaigawa, kuna shangazi atajua kabla hajaambiwa, na hapo umewasha moto usioweza kuuzima. Vilevile kopi za vitambulisho na picha za pasipoti zinazobaki kwenye mashine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na taarifa hizo mteja alizikabidhi kwa kazi moja tu. Ikikamilika, zifutwe.

Hatua ya 7: Kuaga

Omba kwa maandishi orodha ya kazi unazoruhusiwa kuziweka kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako za kuonyesha, na kila moja andika ulifanya nini hasa. "Nilipanga maandishi, logo ilichorwa na ofisi" inasomeka vizuri kuliko mnavyodhani. Sisi tunaoajiri tunajuana, na simu moja inatosha kujua nani alichora nini. Mafaili yao waachie, namba za wateja wao usinakili.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Mkuu, mimi anayeniagiza kubadilisha risiti ni bosi mwenyewe. Nikikataa hatanisainia kitabu cha fildi. Nifanyeje?

Jibu: Hapo pagumu kweli, pole. Anza kwa upole mkiwa wawili: "Bosi, hii naomba nisiishike, nipe kazi nyingine yoyote." Wengi huishia hapo, kwa sababu nao hawataki lisikike. Akishikilia, mpigie msimamizi wako wa chuo siku hiyohiyo, uombe kuhamishiwa sehemu nyingine. Vyuo huhamisha wanafunzi, lakini lazima wajue mapema. Kitabu kinaweza kusainiwa kwingine.

Swali (Mombasa): Niko atachimenti (fildi) hapa, nimechora logo ya mteja na imependwa sana. Ni yangu ama ni ya ofisi?

Jibu: Kwa Kenya mnafuata Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Kazi iliyofanywa ndani ya ajira au kwa kuagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mwanafunzi wa atachimenti asiyelipwa yuko katikati, ndiyo maana nikasema muulize mapema. Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyechora ni suala tofauti na umiliki, hiyo inabaki kwako. Kwa hiyo omba kutajwa, hata kama huombi pesa.

Swali (Mwanza): Kutumia akili mnemba kutengeneza picha ya bango ni kosa?

Jibu: Kosa ni kuficha. Mwambie msimamizi, na mteja ajue. Iandike kwenye faili la ASILI kama chanzo kingine chochote. Hesabu vidole vya watu wote pichani, na maneno ya Kiswahili yaandike mwenyewe, maana mashine hizo zinapenda kubuni herufi. Na usipandishe humo picha au nyaraka za mteja bila idhini yake.

Swali (Unguja): Hawanipi hata nauli. Naweza kupokea kazi zangu za pembeni?

Jibu: Unaweza, kwa mashine yako na saa zako. Mteja uliyekutana naye kwenye benchi la ofisi ni wa ofisi, hata akikufuata nje akakwambia bosi wako ni ghali. Binamu yako anayefungua mgahawa Mwanakwerekwe ni wako, mtoze.

Swali (Dodoma): Yule jamaa wa cheti aliwahi kurudi?

Jibu: Alirudi, mkuu, kama miezi miwili baadaye. Safari hii alikuja na mkewe, wanataka kadi 50 za mwaliko, mtoto wao anatimiza mwaka mmoja. Nikamchapia prufu, nikampa kiti, nikamwomba asome kwa sauti. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto aliisoma mara mbili.